Njuga Mgongoni mwa Shemasi Pil-nyeo

Kama woga ungekuwa nafaka, Shemasi Pil-nyeo angelisha wilaya nzima na kubakisha mbegu. Sisi watu wa Dolmoru tunajivunia mengi. Kabichi yetu ya kuchachusha huwatoa machozi hata watu wa mjini wanaojifanya wamezoea pilipili, na mbwa wetu humjua karani wa serikali kabla hajavuka daraja. Lakini kwa woga tulikuwa naye mmoja tu, na alitosha. Alimwogopa nyoka, akaiogopa na kamba iliyolala njiani isije ikawa nyoka. Aliogopa radi, aliogopa askari, aliogopa jogoo wa Bok-dan, mwanamke muuza tofu ya soya. Kwa jogoo hatumlaumu, maana yule hata wanaume wenye misuli walimpisha.

Zaidi ya vyote, alimwogopa Mungu.

Alikuwa mjane. Vita vilimchukua mume kabla hawajazoeana, akabaki na nyumba ya vyumba viwili na kishamba cha shayiri. Mwaka huohuo akaingia katika kijikanisa chetu cha paa la bati, ambacho kengele yake ilikuwa ganda la kombora lililoning'inizwa kwa mnyororo. Alimpokea Mungu kama bibi arusi anavyompokea mama mkwe: macho chini, mikono mbele, masikio wazi asikie amekosea wapi. Wakamwambia Mkristo hanywi pombe ya mchele. Akaacha hata kupita mbele ya nyumba ya mpika pombe, akawa anazunguka matutani na kurudi na matope magotini. Wakamwambia asile utumbo uliojazwa damu. Akaugua siku aliponusa tu mvuke wake sokoni. Wakamwambia kwamba siku ile fupi kuliko zote katika mwaka, watu wa mataifa, wasio wa kanisa, wanapopika uji wa maharage mekundu na kuupaka kwenye miimo ya milango ili kuwafukuza pepo, Mkristo asiupike wala asiuonje. Akaacha. Na uji ule, jamani, aliupenda tangu akiwa na meno ya utoto.

Aliyesimamia mambo hayo alikuwa Mzee wa kanisa Tak. Mchungaji wetu alikuwa na makanisa mengi na miguu miwili tu, kwa hiyo aliyekuwa karibu na Mungu kila siku ni Mzee Tak. Mtu mrefu, mkavu, kanzu nyeupe iliyopigwa wanga mpaka inalia akitembea. Na pua! Ikifika ile siku fupi, alipita njia nzima ya kijiji akinusa mapaa. Ukiwa na chungu cha maharage mekundu jikoni, ulikuwa na mzee mlangoni.

Sasa, nyuma ya ukuta wa Pil-nyeo, mbele kidogo ya miti ya matunda ya persimoni, palikuwa na nyumba yenye mwanzi mrefu uani na juu yake kibendera chekundu na cheupe. Hapo alikaa mganga wa pepo tuliyemwita Mama wa Gamgol, kwa jina la kijiji alikotoka. Mchana tulimtemea mate. Mtoto akipandwa na homa tulimbishia hodi kwa mlango wa nyuma. Ndivyo tulivyo, msijifanye ninyi ni wema zaidi. Hata mke wa muumini mmoja alikamatwa akitoka huko, na baraza la wazee likakaa, likatoa amri: atakayevuka kizingiti cha mganga yule, au atakayemvusha mganga kizingiti chake, hataiona Meza ya Bwana, hatapewa mkate wala divai.

Lakini amri ile Pil-nyeo hakuihitaji. Alikuwa na sababu yake ya kuogopa nyumba ile. Kila mtu kwetu anajua kwamba mganga wa pepo akifa, pepo wake hawafi. Hutafuta mgongo mwingine. Humpanda aliye karibu, aliyegusa njuga zake, na huchagua mtu mnyonge, mwanamke hasa, mwenye moyo mwepesi. Pil-nyeo akiwa msichana alimwona shangazi yake akishikwa hivyo. Alikuwa mwanamke wa kucheka, fundi wa kufuma. Ghafla akawa hali, halali, anapanda mlimani kwenye barafu bila viatu akiongea kwa sauti ya mwanamume. Pil-nyeo alijipima, akajiona: mnyonge ni mimi, moyo mwepesi ni huu wangu. Akaishi miaka yote hiyo ameupa ukuta ule mgongo.

Basi ukaja ule mwaka wa theluji nyingi. Pil-nyeo alitoka asubuhi kuchukua kabichi mtungini, akatupa jicho juu ya ukuta bila kutaka, akaona bomba la moshi la mganga ni baridi. Kesho yake, vilevile. Kwetu moshi wa jiko hupita chini ya sakafu na kuipasha; jiko likizimika, sakafu hupoa. Na bila sakafu ya moto katika majira yale, binadamu ni samaki wa kukausha.

Akamwendea Mzee Tak, aliyekuwa anafagia theluji mlangoni pa kanisa.

"Mzee, kwa mganga moshi hautoki."

"Vizuri. Moshi wa kuzimu huo umepungua."

"Labda ni mgonjwa."

"Ana pepo kibao, Shemasi. Wamwashie wao." Akaegemea fagio, akamtazama vizuri. "Wewe macho yako yanafuata nini huko? Krismasi hiyo inakuja. Unataka kukaa nje ya Meza kama mbwa wa jirani?"

"La, Mzee. Mungu aniepushe."

Akarudi nyumbani haraka haraka. Njiani akampata Bok-dan na kapu lake la tofu kichwani, mdomo wazi kama kawaida.

"Bok-dan, wewe hukuogopa kuuza tofu wakati wa kipindupindu. Nenda ukamchungulie Mama wa Gamgol."

"Nani? Mimi?" Bok-dan akacheka mpaka kapu likayumba. "Dada, huyo anakufa. Wale pepo mabwana zake wamekaa juu ya paa kama kunguru wanangoja nani ataingia. Nina mume na watoto, nani atawaogesha nikipandwa na kuanza kucheza juu ya visu kama waganga? Nenda wewe, una Yesu!"

Alisema kwa mzaha. Lakini neno lile lilimganda Pil-nyeo rohoni kama wali uliopoa. Una Yesu. Akakaa jikoni akijiuliza, hivi ninaye? Nikiwa naye, mbona siku zote hizi ninamkimbia?

Akajaribu kuomba. Kila akifumba macho aliona bomba la moshi. Alifikiri juu ya yule mtu wa Samaria aliyesimama njiani wakati wenye dini walipopita upande wa pili. Habari ile aliijua kwa moyo, na kila mara alijihesabu kuwa yeye ni punda tu, anayengoja kuambiwa. Leo hakuna aliyekuwa anamwambia. Akasimama. 

Atapeleka nini? Shayiri ni ngumu, koo la mgonjwa haliiwezi. Mchele ulibaki kiganja. Katika mtungi wa pembeni alikuwa na maharage mekundu, aliyoyaweka kwa ajili ya keki za mchele za Krismasi. Akayachemsha, akayaponda, akatia mchele ule. Uji ulipoanza kutokota na kutoa ile harufu ya udongo na utamu, ndipo alipokumbuka. Leo ni siku gani? Ilikuwa ndiyo siku yenyewe, ile fupi kuliko zote.

Alitaka kuumwaga. Akashika chungu kwa kitambaa, akakiinua, akakishusha. Akimwaga, hana kingine. Akaziba ufa wa mlango kwa matambara, pua ya Mzee isije ikanusa, akazima moto na kuumalizia uji kwa joto la majivu. Kisha akaupakua, akalifunika bakuli kwa sketi na kutoka nje, akapanda ukuta na kushuka upande wa pili, anatembea kama aliyeiba mtoto.

Theluji ilipiga kelele chini ya viatu vyake vya mpira, na kila hatua ilikuwa kama inataja jina lake. Kibendera kilipigapiga juu ya mwanzi. Akasimama kizingitini. Mguu ukakataa. Akaukemea, ukakataa. Ikambidi ashike suruali ya ndani kwa mkono na kuuinua mguu wake mwenyewe ndani, kama mtu anavyovuta ng'ombe.

Ndani palikuwa na giza na baridi kuliko nje. Ukutani majenerali wa kuchorwa, ndio mabwana wa mganga, macho mekundu, ndevu nyeusi, wote wakimtazama. Sakafuni kitu kilichofunikwa na blanketi. Kikasogea. Kikalia: chwi-chwi-chwi. Mganga alikuwa ameshika njuga zake mkononi, fundo zima la shaba, na mkono ulikuwa unatetemeka kwa homa.

"Nani?"

"Mimi wa ukuta wa pili, dada. Nimekuletea uji."

Mama wa Gamgol akainua kichwa. Akaona bakuli. Akaona rangi. Uso ukambadilika, akaanza kujivuta nyuma kwa viwiko mpaka akagonga ukuta.

"Maharage! Leo! Mmenitumia maharage leo!" Sauti ilikuwa kama ya karatasi inayochanwa. "Nilijua mtakuja. Mmengoja nilale chini ndipo mje kunifukuzia mabwana zangu, nife mtupu, bila hata mmoja wa kunishika mkono! Nimewakosea nini ninyi watu wa kanisa?"

Pil-nyeo akataka ardhi ipasuke. Lo, kwa mganga wa pepo, siku ile, bakuli lile ni sawa na kumpelekea mtu jeneza na kumwomba alijaribu! Naye hata hakufikiri, maana kichwa chake chote kilikuwa kwa Mzee Tak.

"La, dada, la! Ni uji tu. Nyumbani sina kingine, naapa... hapana, siapi, tumekatazwa. Ni uji!"

"Kwenu mnasema maharage hayafukuzi kitu."

"Hayafukuzi kitu, dada."

"Basi kwa nini mmekatazwa kula?"

  Ndugu zangu, wapo waliosoma vyuo vya theolojia ambao wangetoa majibu mpaka uji ukaganda, lakini Pil-nyeo aliukoroga uji tu. Wanawake wawili, mmoja ameshika bakuli, mwingine ameshika njuga, na kila mmoja anamwogopa mwenzake kama chui.

"Kula wewe kwanza," akasema mganga. "Ukila mbele yao, nitaamini."

Mbele yao, yaani mbele ya wale majenerali wa ukutani. Siku ile. Katika nyumba ile. Pil-nyeo akahesabu haraka haraka amri anazovunja, zikamzidi, akaacha. Akachota kijiko. Akakitia mdomoni na kufumba macho, akingoja. Ama pepo ampande, ama radi impige. Alikuwa tayari kwa lolote litakalowahi. Kilichotokea ni kwamba aliungua ulimi.

"Vipi?" akauliza mganga.

"Haujatiwa chumvi," akasema Pil-nyeo, machozi yakimtoka.

Ndipo Mama wa Gamgol akala. Alikula kwa kulishwa, polepole, akimtazama mwenzake usoni kila kijiko. Midomo ilikuwa ya buluu. Pil-nyeo akamshika miguu, akashtuka: kama mawe ya mtoni. Akakimbilia jikoni kuwasha moto. Moshi wote ukarudi chumbani kupitia nyufa, maana theluji ilikuwa imepasua njia ya moshi chini ya sakafu. Hapo haponi mtu. Alilijua hilo kabla hajalisema, akarudi chumbani na kuchuchumaa kando ya mgonjwa.

"Dada, panda mgongoni."

"Twende wapi?"

"Kwangu."

"Una wazimu. Kwako watakuua."

"Panda kabla sijabadili mawazo. Mimi ni mwoga, nabadilika haraka."

"Njuga zangu..."

"Ziache!"

"Siwezi. Vidole vimekataa kufunguka."

Pil-nyeo akajaribu kuvifungua, kwa ncha za kucha tu, bila kugusa shaba. Havikufunguka. Basi akamfunga mgonjwa kwa blanketi kama mtoto kwenye mbeleko, akajiinua, akatoka. Mkono ule wenye njuga ukaning'inia juu ya bega lake, karibu na sikio.

Sasa hebu sikilizeni tulichokisikia sisi. Mchana kweupe, kijiji kimetulia katika theluji, na njuga za pepo zinakuja: chwi, chwi, chwi, kwa mwendo wa miguu. Milango ikafungwa kama imesukumwa na upepo mmoja. Mbwa wakanyamaza. Sisi wenyewe, tunaojisifu, tulichungulia kwenye tundu la karatasi inayofunika mlango kwa jicho moja, na lile jicho lenyewe lilikuwa linataka kurudi ndani. Tukamwona Shemasi, uso mweupe kama tofu, midomo inacheza kwa maombi, na kila akiomba, njuga zinamwitikia sikioni. Baadaye alisema hakusikia baridi. Alikuwa anasikiliza mgongo wake tu, anangoja lini kitu kitamwingia.

Njia ilikuwa ndefu, maana ukuta haupandiki na mtu mgongoni; ilibidi azunguke mbele ya kanisa. Na mlangoni pa kanisa, fagio mkononi, alikuwa Mzee Tak.

"Shusha!"

Pil-nyeo akasimama. 

"Shemasi Pil-nyeo, umesikia? Shusha kitu hicho!"

"Nikimshusha kwenye theluji atakufa, Mzee."

"Na hizo njuga! Mbele ya nyumba ya Mungu!"

"Vidole vimeganda, Mzee. Havifunguki."

"Unampeleka wapi?"

"Kwangu. Sakafu yangu ina moto."

Mzee Tak akarudi nyuma hatua moja, si kwa hasira. Pil-nyeo aliona, na kuona kwenyewe kulimtisha zaidi: Mzee Tak naye alikuwa anaogopa. Alizitazama zile njuga kama mtoto anavyotazama kisima.

"Amri unaijua," akasema Mzee, sauti imepanda. "Ukimvusha kizingiti chako, Krismasi hii Meza huioni. Nimekwambia mbele ya Mungu."

Hapo, mtu jasiri angetoa hotuba. Pil-nyeo hakuwa na hotuba. Alisema, "Ndiyo, Mzee. Nimesikia." Halafu akasema, "Naomba unipishe."

Na Mzee akapisha.

Alimlaza Mama wa Gamgol mahali pa joto kuliko pote, pale karibu na jiko, ambapo yeye mwenyewe hulala. Akamsugua miguu. Vidole vilipolegea, njuga zikaanguka sakafuni kwa kelele, wote wawili wakapiga ukemi. Zikabaki pale pale zilipoanguka. Pil-nyeo alizizunguka siku zote zilizofuata kama unavyomzunguka nyoka aliyelala, akaacha hata kufagia upande ule.

Krismasi ikaangukia Jumapili. Ganda la kombora likapigwa, waumini wakapita njiani na viatu vipya, kila mmoja akitembea upande wa mbali wa njia alipofika kwenye uzio wa Pil-nyeo. Yeye alikaa nyuma ya mlango. Kuni zilikuwa zimekwisha. Jumamosi nzima alimshikilia mgonjwa akitapika, hakupata nafasi ya kupasua. Na leo ni Jumapili, siku ambayo Mzee Tak aliwahi kumtenga mtu kwa kuchota maji tu. Magogo yalikuwa uani, shoka pembeni, sakafu inapoa, naye hathubutu. Ameshapoteza Meza, akiongeza na Jumapili, atabaki na nini cha kumwonyesha Mungu?

"Leo si sikukuu yenu?" mganga akauliza kutoka kwenye blanketi. "Mbona huendi?"

"Nimezuiwa."

"Kwa ajili yangu."

"Ndiyo."

Mganga akageuka kumtazama, akasema, "Mabwana zangu hawajaja tangu nilale hapa. Walipokuwa wakija walinipiga. Wakitaka jambo, wananitupa chini, wananinyima chakula mpaka nikubali. Huyo wenu akija, anakujaje? Anapiga?"

Pil-nyeo akaangalia mikono yake. "Nilidhani anapiga. Miaka yote nimejikunja nikingoja. Tangu nivuke kwako ndiyo nimengoja hasa. Kula sili, kulala silali, nasikiliza mlango." Akamfunika mgonjwa miguu. "Hajanipiga, dada."

"Labda yuko kanisani, bado hajapata habari."

Pil-nyeo akacheka. Kicheko kilimtoka bila ruhusa, akajiziba mdomo kwa hofu. Na hapo hapo wakasikia theluji inalia uani. Hatua nzito. Kanzu yenye wanga.

Mlango ukafunguka. Mzee Tak alisimama nje ya kizingiti, Biblia kwapani, pumzi inatoka kama moshi wa tanuri. Baridi ikaingia mbele yake, mgonjwa akaanza kukohoa.

"Nimetumwa na baraza," akasema. "Leo unachagua. Atoke yeye, au litoke jina lako kwenye daftari la kanisa."

 Pil-nyeo alitaka kusema, nisamehe, Mzee. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini mgonjwa alikohoa tena, kikohozi kile cha kupasua kifua, na likatoka lingine.

"Mzee, ingia au toka, lakini funga mlango. Baridi inamwingia."

 Mzee Tak aliinamisha kichwa, akaweka kiganja juu ya sakafu kando ya kizingiti, kama mtu anayempima mtoto homa. Akaona ni baridi. Akautazama uso wa mgonjwa, kisha uani, kwenye magogo.  Akaufunga mlango, naye akabaki nje.

Wakasikiliza. Hatua hazikwenda langoni. Zilizunguka nyumba. Kisha chuma kikakwaruza jiwe.

"Shoka," akanong'ona mganga. "Amechukua shoka."

Wakashikana. Pil-nyeo akajikuta amemkumbatia Mama wa Gamgol kwa mikono miwili, njuga zimebanwa chini ya goti lake, ziko kimya, wala hakutambua kwamba amezigusa. Pigo la kwanza likaitikisa karatasi ya mlango. La pili. Wakangoja nguzo zianguke. Likaja la tatu, na la nne, kwa mwendo uleule, na katikati yake kitu kinaanguka: tap, tap.

Pil-nyeo akatambaa, akaweka jicho kwenye tundu. Mzee wa kanisa Tak alikuwa amevua kanzu, ameikunja juu ya Biblia, na alikuwa anapasua kuni. Alipasua kwa hasira, kama kila gogo limemtukana mama yake.

Kichwa cha Bok-dan kikachomoza juu ya uzio. "Mzee! Leo si Jumapili?"

"Najua ni siku gani!" akafoka Mzee, bila kugeuka. "Njoo ubebe hizi mpaka jikoni, mbona umesimama kama jogoo wako?"

"Mimi? Humo ndani?" Bok-dan akavuta pumzi. "Naogopa, Mzee."

"Nani asiyeogopa?" akasema Mzee Tak, akainua shoka tena. "Beba."